Pigo Safi

Duka liko ghorofa ya tatu, Mtaa wa Biashara,
juu ya wauza nepi na vitanda vya watoto.
Lifti imekufa tangu Pasaka.
Nimepanda na albamu ya baba kifuani,
imefungwa kwa leso ya mama, mafundo mawili,
katika Julai hii ya Nairobi isiyotaka kucha.

Bwana Hasmukh hanipi mkono.
Ana koleo, ana lenzi,
ana taa yenye shingo ya korongo.
"Usiguse," ananiambia, "vidole vina mafuta,"
na mimi niliyeifungua albamu hii magotini pa baba
Jumapili baada ya Jumapili, Makadara,
mikono ikinuka mandazi,
nairudisha mfukoni kama mwizi.

Anaanza na kingo.
Anakagua meno kama mnunuzi wa ng'ombe:
hii ina pengo, nusu ya bei imeanguka.
Hii picha imeegemea kushoto,
mfalme karibu atoke dirishani mwake;
toa robo.
Hii imeoshwa, rangi imekuwa chai ya majani ya jana.
Hii, ukiielekeza kwenye taa, mgongo umechunwa.
"Mtu aliibandua kwa haraka," anasema.
"Haraka ndiyo mchwa wa kazi yangu."

Kisha ananyamaza.
Shilingi tano, zambarau, haijawahi kutumwa popote,
picha katikati sawasawa, meno yote kinywani.
Anataja elfu sitini
kwa sauti ya mtu aliye wodini.
Anaigeuza.

Kwenye gundi, dole gumba.
Dogo. Mistari yake yote ipo.
"Mtoto," anasema. "Elfu tatu."

Chanda chema huvikwa pete;
changu kilivikwa gundi nikiwa na miaka sita,
siku niliyotaka kujua ladha ya zambarau.
Baba hakunichapa. Aliipuliza ikauke,
akairudisha mahali pake, akaandika chini kwa penseli:
Nduku, mvua za Aprili.

Nauliza kama gundi mpya haiwezi kupakwa.
Yuko fundi Ngara, nimesikia.
Bwana Hasmukh anaondoa lenzi jichoni.
"Gundi mpya huganda kwenye ncha za meno.
Nikipitisha kidole, yananikwaruza."

Mwisho wa albamu, zile nilizodhani takataka:
zilizotumika, zilizopigwa.
Anazipita kwa koleo: mchafu, mchafu, umefifia,
huu umemziba mfalme uso.
Halafu anasimama, anavuta taa.
Senti thelathini, ya kawaida, kila nyumba ilikuwa nayo.
Lakini muhuri umetua kati, duara kamili,
NAIROBI juu, tarehe chini,
kila herufi imesimama kwa miguu yake,
wino haukutambaa hata unywele.
"Pigo safi," ananong'ona.
"Stempu hizi zipo maelfu. Safi hivi, sijaona tatu.
Aliyepiga hapa hakuwa na papara.
Elfu kumi na nane."

Najua mkono huo.
Miaka thelathini na mmoja, dirisha la nne, Posta Kuu.
Jioni alirudi na doa jeusi kiganjani
lisilosikia sabuni ya kipande,
na mama alimwita Wino mbele ya wageni.
Foleni ilimnung'unikia. Meneja alimwandikia barua mbili:
Bwana Muasya, ongeza mwendo.

Simwambii Bwana Hasmukh.
Namwachia zenye pengo, zilizoegama, zilizooshwa,
na hata pigo safi; karo ya Mumbua haijui muhuri.
Anahesabu noti akilowesha kidole kwenye sifongo,
polepole,
nampenda kwa hilo tu.

Ya zambarau nateremka nayo.
Kwenye ngazi, penye mwanga, naweka dole gumba
juu ya dole gumba.
Halienei.

Chini, mwanamke mjamzito anabishania bei ya neti,
ameitandaza mbele ya taa ya duka,
anaigeuza, anaigeuza tena,
anatafuta tundu.